Kambi Huchaguliwa kwa Ajili ya Saa Tisa Usiku

Kijana mwenzangu wa Tunduma, Mlowo, Vwawa, Itumba na kwingineko mkoani Songwe, najua likizo ya mwezi wa sita ikikaribia, klabu zetu za skauti, za mazingira, za afya na hata kwaya huanza kuchangishana pesa. Kila mwaka swali huwa ni lile lile: "Tunataka kupiga kambi kule Mbeya, milimani. Wapi pazuri?"

Swali ni zuri ila halijakamilika. Pazuri kwa kufanya nini? Kama ni kupiga picha, hakuna shida. Saa nane mchana jua likiwaka, kila mlima ni mzuri, kila kijito kinavutia na kila uwanda wa majani unakuita ulale chali uangalie mawingu. Lakini huendi kupiga kambi kwa ajili ya saa nane mchana. Unakwenda kulala. Basi jiulize hivi: saa tisa usiku, giza limetanda, baridi imeshuka, mwenzenu mmoja anatapika na mwingine anaogopa kwenda chooni peke yake, je, mahali hapo bado ni pazuri?

Hilo ndilo somo letu la leo. Tutazunguka pamoja tuone nini hutokea usiku huko milimani, halafu mwisho tuchague mahali.

TUIJUE KWANZA NCHI YETU

Mkoa wetu wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini milima haijui mipaka ya mikoa. Ukitoka Tunduma kwa Kosta kufuata barabara kuu ya TANZAM, unapita Vwawa na Mlowo, unavuka Mto Songwe, unafika Mbalizi na kisha jijini Mbeya. Ni safari ya kama kilomita 100 tu. Katika kilomita hizo chache unaweza kuchagua kati ya nchi tatu tofauti kabisa.

Ya kwanza ni nchi ya kati, yaani Mbozi na Tunduma kwenyewe, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hii tumeizoea: mashamba ya kahawa na mahindi, usiku wa baridi ya wastani.

Ya pili ni nchi ya chini, yaani bonde la Ziwa Rukwa upande wa Momba na Wilaya ya Songwe. Huko ni joto, na ziwa lenyewe liko karibu mita 800 tu.

Ya tatu ni nchi ya juu. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700, na nyuma yake kumesimama Loleza na Kilele cha Mbeya chenye zaidi ya mita 2,800. Ukipita Uyole kuelekea Tukuyu unaikuta safu ya Uporoto na Ziwa Ngozi ndani ya kasoko yake, halafu Mlima Rungwe, karibu mita 2,960. Mashariki zaidi kuna uwanda wa Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, maarufu kwa maua yake.

Sasa, kila nchi ina raha yake na hatari yake. Tuanze na ile inayodharauliwa kuliko zote.

BARIDI SI UTANI

Eti baridi inaua Wazungu tu kwenye theluji? Hapana. Kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Fanya hesabu. Ikiwa usiku wa Juni pale Mbeya mjini ni nyuzi 8, ukilala karibu na kilele, mita 1,100 juu zaidi, unabakiwa na nyuzi 1 au 2. Ongeza upepo. Ongeza na fulana uliyoiloanisha kwa jasho wakati wa kupanda. Kitulo mwezi wa sita na wa saba, umande wa usiku huweza kuganda ukawa barafu nyeupe juu ya majani.

Mwili wa binadamu unapenda nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35, akili na misuli huanza kushindwa kazi. Mwenzako atatetemeka sana, atajikwaa, ataongea kama mtu aliyelewa na atataka tu aachwe alale. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, usifurahi. Hapo ndipo hatari imezidi.

Fanya hivi: mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mfunike kichwa, muweke juu ya mkeka mnene au magunia makavu, kwa maana ardhi hunyonya joto la mwili. Mkumbatieni ndani ya blanketi. Kama ana fahamu kamili na anaweza kumeza, mpe chai ya moto yenye sukari. Kisha mteremsheni kwenda hospitali.

Na pombe je? Washikaji wengine husema "funda moja la kuchangamsha mwili." Uongo mtupu. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Unajisikia joto usoni, kumbe joto la ndani ndilo linatoka nje. Anayekunywa pombe kwenye baridi anaipa baridi kisu.

JIKO LA MKAA NDANI YA HEMA: HAPANA, HAPANA, HAPANA

Baridi ikibana, wazo la kwanza ni kuingiza jiko la mkaa hemani na kufunga zipu. Mkaa umeshika vizuri, hautoi moshi, unawaka mwekundu. Inaonekana salama kabisa, si ndiyo?

Hapana. Mkaa unapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu wala haikuwashi koo. Ukiivuta, inashika chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka lakini haibebi tena oksijeni ya kutosha. Unaumwa kichwa, unasikia kichefuchefu, unapata usingizi mzito. Na kwa kuwa tayari ulikuwa unataka kulala, hushtuki. Wanaokufa hivi hawapigi hata kelele.

Basi sheria iwe moja: moto hubaki nje, hata kama mvua inanyesha. Mahali pa kambi pasipoweza kuwapa joto bila jiko hemani, hapo si mahali pa kulala. Badilisheni mahali. Ukimkuta mwenzako amelegea ndani ya hema lenye jiko, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja na mumkimbize hospitali hata akisema "nimepona."

SHIMONI SI PA KULALA

Wengi hupenda kujificha kwenye kibonde ili kukwepa upepo. Kuna vitu vitatu ambavyo navyo hupenda kuteremkia huko huko.

Kwanza, hewa baridi. Hewa baridi ni nzito kuliko ya joto, hivyo usiku hutiririka kama maji na kutuama bondeni. Kambi iliyo mita chache juu ya kibonde huwa na joto kidogo kuliko ile iliyo ndani yake.

Pili, maji yenyewe. Mto mkavu au kijito kidogo huweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, juu mlimani, ninyi hata hamjaiona. Mvua zetu kwa kawaida huanza Novemba hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo miteremko nayo hulegea. Aprili 2024, udongo wa Mlima Kawetere uliporomoka na kufukia nyumba katika kata ya Itezi jijini Mbeya. Kama nyumba za matofali zilifukiwa, hema litapona vipi? Usilale chini ya mteremko mkali wenye nyufa, udongo uliofumuka au miti iliyoinama. Usilale pia juu kabisa mgongoni mwa mlima wakati wa mvua, maana radi hupenda palipoinuka.

Tatu, gesi. Hili wengi hawalijui. Milima ya Rungwe na Ngozi ni ya volkano, na volkano iliyolala bado hupumua. Katika eneo la Kyejo, wilayani Rungwe, hewa ukaa hutoka ardhini kwa wingi kiasi kwamba huvunwa kiwandani na kuuzwa, pamoja na mambo mengine, kwa ajili ya kutia povu kwenye soda. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Mahali inapotoka, na siku isiyo na upepo, hujaa kwenye mashimo bila kuonekana. Ndugu zetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, wana jina lake kabisa: mazuku. Na kule Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, hewa ukaa ililipuka kutoka Ziwa Nyos usiku, ikateremka mabondeni na kuua watu zaidi ya 1,700, wengi wakiwa wamelala.

Sisemi usiende Rungwe. Watu wanaishi huko, wanalima na kusomesha watoto. Nasema waulize wenyeji. Ukiambiwa, "Lile shimo hatupeleki ng'ombe," wewe usipeleke hema. Ukiona panzi, ndege au panya wamekufa ndani ya kibonde, ondoka upande wa juu wala usiiname kuchunguza.

Na pango? Pango nalo si hema. Bonde la Mto Songwe lina mapango yenye popo, na vijana hupenda kuingia. Popo wala matunda wanaoishi mapangoni wanafahamika kubeba virusi vya Marburg, ugonjwa uliolipuka mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Usilale pangoni, usishike popo, usile tunda lililoliwa nusu.

MAJI NA CHOO: NDUGU WASIOPASWA KUKUTANA

Kabla ya kushusha mizigo, ulizia maji ya kunywa yatatoka wapi. Kisha panda juu ufuate kijito uone kinatoka wapi. Je, juu yake kuna kijiji? Kuna zizi? Kuna shamba?

Uporoto ni nchi ya viazi mviringo, na viazi hupuliziwa dawa za ukungu na wadudu. Mbozi kuna kahawa, nayo hupuliziwa. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na amiba, lakini hakuondoi sumu ya shambani. Kijito kinachopita katikati ya shamba lililopuliziwa si cha kunywa hata ukichemsha mara tatu. Chukueni maji ya bomba la kijiji au chemchemi iliyo juu ya mashamba.

Maji yakipatikana, yachemsheni. Hapa pia mlima una mambo yake. Juu zaidi ya mita 2,000 maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, karibu 93 au chini ya hapo. Kwa hiyo yakishaanza kutokota sana, yaacheni yaendelee kwa dakika 3. Ndiyo maana pia maharage huko juu hayaivi upesi. Mtakesha mnachochea kuni. Yachemsheni nyumbani kabisa au bebeni dagaa, mayai ya kuchemsha na mchele. Msipokuwa na kuni za kutosha, tumieni vidonge vya kutibu maji kama WaterGuard, na mfuate maelekezo yaliyoandikwa.

Choo kikae upande wa chini wa kambi, angalau mita 60 kutoka kwenye maji, yaani kama hatua 80. Kama hakuna choo, chimbeni shimo na kila mtu afukie baada ya kutumia. Pembeni yake tundikeni kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lenye tundu, kamba, kijiti cha kukanyagia na sabuni. Ni kazi ya dakika 20, na ndiyo inayowatenganisha ninyi na kuhara. Kuhara nyumbani ni usumbufu. Kuhara hemani, usiku, kilomita nyingi kutoka barabarani, ni balaa.

Na choo kiwe na njia inayopitika gizani. Wasichana wanaoogopa njia ya chooni hujizuia kunywa maji mchana kutwa, halafu wanaumwa njia ya mkojo. Kiwe na pazia, na kuwe na mahali pa kubadilishia pedi na kuzitupa. Wavulana, hili halichekeshi. Kambi isiyomfaa msichana aliye hedhini haijachaguliwa vizuri.

MBU HAWAOGOPI KAMBI

Milimani mbu wa malaria ni wachache kwa sababu ya baridi. Lakini ukichagua Kamsamba au mwambao wa Rukwa, umeingia nyumbani kwao. Mbu huyu huuma usiku, kwa hiyo chandarua chenye dawa ni lazima, hata hemani, na mikono mirefu kuanzia jioni.

Kumbuka pia kwamba malaria haikurukii siku hiyo hiyo. Homa huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa, mara nyingi kati ya siku 10 na 15. Mtakuwa mmesharudi Tunduma na kusahau habari za kambi. Ukipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya safari, usinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Nenda ukapimwe, na umwambie mhudumu ulilala wapi.

NANI ANALALA WAPI?

Wazazi wengi hukataa binti zao wasiende kambini. Sisi vijana husema ni ushamba. Hebu tuwasikilize kidogo. Mzazi anajiuliza: usiku nani atakuwa karibu na mwanangu? Hilo ni swali la saa tisa usiku, na lina majibu.

Chagueni mahali panapotosha kuweka mahema ya wasichana na ya wavulana mbalimbali, lakini yote yaonekane kutoka hema la walezi. Awepo mlezi wa kike na wa kiume, watu wazima wanaofahamika kwa wazazi, siyo "kaka fulani tuliyekutana naye stendi." Usiku hakuna kutembea peke yako. Hakuna mlezi anayemwita mwanafunzi mmoja hemani kwake. Wageni waaga kabla ya giza.

Na wewe kijana, uwe wa kike au wa kiume, kumbuka kwamba kukubali kwenda kambini si kukubali jambo lingine lolote. Hapana ni hapana, iwe nyumbani, iwe mlimani. Mtu akikulazimisha, si kosa lako. Mwambie mtu mzima unayemwamini, na uende kituo cha afya upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya muda huo, na mapema ndiyo bora zaidi. Fomu ya PF3 hutolewa polisi, lakini matibabu yasingoje fomu. Ukiwa na umri chini ya miaka 18, piga 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto. Ni bure.

MWENYE DAWA ZAKE ASIACHWE NYUMA

Katika kila kundi la vijana kumi na wawili hakosi mwenye jambo lake. Mmoja ana pumu, na hewa baridi humbana kifua. Mwingine ana selimundu, na kwake baridi, kiu na hewa haba ya mlimani huweza kuamsha maumivu makali. Mwingine anameza ARV kila siku na hataki watu wajue.

Je, tuwaache? Hasha. Chagua kambi inayowafaa. Kwa mwenye selimundu, kulala Kitulo mwezi wa saba si busara, lakini kulala Mbozi kwenye blanketi nzuri na maji ya kutosha inawezekana, baada ya kuzungumza na daktari wake. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, siyo ndani ya begi lililofungwa kwenye gari. Mwenye ARV ahesabu vidonge vya siku zote na ziada ya siku mbili, maana magari hukwama. Na walezi wapange kila mtu awe na mkoba wake usiopekuliwa na muda wa faragha asubuhi na jioni. Hivyo hakuna atakayelazimika kuchagua kati ya siri yake na dawa yake.

NJIA YA KWENDA HOSPITALI

Swali la mwisho kabla ya kukubali mahali: mgonjwa akipatikana saa tisa usiku, tunampeleka wapi, kwa gari gani, na nani ana namba ya dereva?

Ukilala upande wa Mbalizi, Hospitali ya Ifisi iko karibu. Jijini kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Barabara ya Tukuyu ina Hospitali ya Igogwe, na Tukuyu kwenyewe kuna Makandana. Upande wetu, Vwawa kuna hospitali. Lakini hospitali iliyo kilomita 15 kwenye ramani huweza kuwa saa tano kwa miguu kutoka kileleni, gizani, mmebeba mtu kwenye blanketi. Kwa hiyo pima kwa saa, siyo kwa kilomita. Kama kutoka hemani hadi mahali gari linapofika ni zaidi ya saa moja, hapo si pa kulala kwa kambi ya kwanza. Na jaribuni simu hapo hapo kwenye eneo la hema. Mtandao ulioupata njia panda haukusaidii.

HAYA, TWENDE WAPI?

Kimondo cha Mbozi. Lile jiwe la chuma la tani kama 16 lililoanguka kutoka angani liko Ndolezi, si mbali na barabara kuu, na lilianza kufahamika kwa wanasayansi mwaka 1930. Kwa kundi linaloanza, eneo hili ni zuri mno: baridi ya wastani, kijiji karibu, gari linafika. Ombeni ruhusa kwa wasimamizi wa kituo. Mkiruhusiwa kutembelea tu, ombeni kulala kwenye uwanja wa shule ya jirani.

Kilele cha Mbeya na Loleza. Pandeni, ndiyo, lakini mchana. Laleni chini, upande wa Mbalizi au mjini, kwenye uwanja wa shule au taasisi yenye choo na bomba. Anzeni kupanda saa 12 asubuhi na muwe mmerudi kabla ya saa 10 jioni.

Ngozi. Njia inapita kwenye msitu wenye mianzi, na kuta za kasoko ni mwinuko mkali. Huu ni msitu wa hifadhi, hivyo onaneni na ofisi ya TFS na mchukue mwongozaji. Laleni kijijini kando ya barabara ya Tukuyu. Msishuke ziwani kwa kushindana.

Kitulo. Hii ni kwa wenye mifuko mizuri ya kulalia na uzoefu. Utaratibu na viingilio ulizeni TANAPA. Maua huchanua wakati wa mvua, na wakati huo barabara huwa tope. Pangeni siku za ziada.

Bonde la Rukwa. Joto, samaki, machweo mazuri. Vyandarua kwa kila mmoja, maji ya kunywa ya kubeba, na msioge kwenye maji msiyoyajua: kuna kichocho, na kuna mamba.

Umeona? Kwa sehemu nyingi jibu ni moja: lala chini, panda mchana. Mlima hautahama usiku.

KWELI AU SI KWELI?

1. Mkaa usiotoa moshi ni salama ndani ya hema.
Si kweli. Gesi inayoua haionekani.

2. Kibonde chenye kinga ya upepo ni mahali pa joto zaidi.
Si kweli. Hewa baridi hutuama humo.

3. Kuchemsha maji huondoa dawa za shambani.
Si kweli. Huua vijidudu tu.

4. Mwenye selimundu anaweza kwenda kambini.
Kweli, kama mahali na maandalizi vinamfaa.

5. Homa wiki mbili baada ya kambi ni uchovu tu.
Si kweli. Nenda kapime malaria.

KABLA HAMJALIPA NAULI

Watu wawili watangulie, wiki mbili kabla, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, pamoja na mlezi. Wamwone mwenyekiti wa kijiji. Walale usiku mmoja pale pale. Saa tisa usiku waamke, watoke nje, waende chooni, wajaribu simu, wapime baridi kwa ngozi yao. Wakirudi Tunduma waeleze klabu yote walichokiona, halafu mpige kura.

Mkishindwa kupata mtu wa kutangulia, pelekeni maswali haya kwa simu kwa mwenyeji: Maji yanatoka wapi? Choo kiko wapi? Usiku baridi ikoje? Kuna shimo au mteremko mnaoukwepa? Gari linafika hadi wapi? Zahanati iko mbali gani, na usiku kuna mhudumu?

Andikeni majibu kwenye karatasi na mwonyeshe wazazi. Mzazi aliyesema "haendi" akiona mmejiuliza hata habari ya choo cha usiku, mara nyingi hulegeza. Na asipolegeza, mwalikeni awe mlezi. Kambi inahitaji mtu wa kuamka saa tisa.